Siki ya mnazi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kununua tembo tamu (maji matamu yanayogemwa mnazini) kwa mgema, Unguja au Pemba, na kuligeuza siki nyumbani kwake. Kupanda mnazi na kugema ni kazi ya mwenye ujuzi wake; kazi yako wewe inaanza dumu linapofika mlangoni. Maswali ya mwanzo yako juu, ya matatizo na mambo ya nadra yako chini. Pale jibu moja linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Siki ya mnazi ni nini hasa?

Ni maji matamu ya karara la mnazi yaliyochacha mara mbili. Mara ya kwanza hamira za asili hula sukari na kutoa kileo na gesi. Mara ya pili bakteria wa siki hukitumia kile kileo pamoja na hewa, wakatoa asidi ya asetiki, nayo ndiyo ukali tunaoujua. Hakitiwi kitu: si hamira, si sukari, si maji.

Si siki yetu peke yetu. Watu wa Goa huitia kwenye mapishi yao ya nyama, na Ufilipino ni siki ya kila siku. Kote huko njia ni ileile: mgema, chombo, hewa, subira.

2. Ina tofauti gani na siki nyeupe ya dukani?

Siki nyingi nyeupe za bei rahisi ni asidi iliyozimuliwa kwa maji. Inakata, lakini nyuma ya ukali hakuna kitu. Siki ya mnazi ina harufu ya matunda, ina utamu wa mbali, na ukali wake haukwaruzi koo. Kwa kusafishia vioo, ya dukani inatosha kabisa. Kwa achari ya ndimu, achari ya embe au pilipili ya kusaga, naamini hazilingani, na inasikitisha kuona nyumba zenye minazi uani zikinunua ya chupa.

3. Tembo tamu, tembo kali, siki: mpaka uko wapi?

Tembo likitoka mtini ni tamu, lina sukari ya asilimia 12 hadi 16 au zaidi kidogo. Halikai hivyo. Saa chache tu baadaye linaanza kutoa mapovu, na ndani ya siku moja au mbili sukari nyingi imeshageuka kileo. Hilo ndilo tembo kali. Likiachwa wazi, ukakasi unaingia siku kwa siku. Wiki ya kwanza na ya pili utaonja uchachu ukadhani imekwisha kuwa siki. Bado. Ndani yake kuna kileo kingi ambacho hakijageuka, na njia ya kujua imeelezwa katika swali la 13.

4. Kwa nini nisigeme mwenyewe?

Mnazi ni mrefu na vidato vyake huteleza masika. Lakini hata ukiweza kupanda, mgema hapandi mara moja: hupanda asubuhi na jioni, kila siku, akakata kipande chembamba cha ncha ya karara kwa kotama ili maji yaendelee kuchirizika. Akiruka siku, kidonda kinakauka. Na karara linalogemwa halitoi nazi, kwa hiyo mwenye mnazi lazima awe ameridhia. Mwache mgema afanye kazi yake, na umlipe vizuri.

5. Mti mmoja hutoa kiasi gani?

Kwa kawaida lita 1 hadi 2 kwa siku. Ukitaka lita 20 za siku moja, tafuta mgema mwenye minazi kadhaa inayogemwa kwa wakati mmoja, na umpe taarifa mapema.

## Kununua tembo

6. Nimwambie nini mgema?

Mambo matatu, na yote uyaseme kabla hajapanda. La kwanza, unataka tembo la alfajiri, litakaloshushwa na kukufikia asubuhi ileile. La pili, kibuyu au kidumu kioshwe kwa maji ya moto jioni kabla ya kutundikwa, kwa sababu mashapo ya jana ndiyo yanayolichachusha tembo la leo likiwa bado mtini. La tatu, asichanganye na lililobaki.

Mweleze pia kwamba ni la siki. Akijua hivyo hatakuwa na haja ya kukuletea lenye nguvu, na wagema wazee wengi wana la kukufundisha kuhusu siki ukiwauliza kwa adabu.

Likifika, liangalie. Tembo tamu zuri lina weupe mwepesi wa maji yaliyooshea mchele mara ya pili, linanukia nazi changa, na ulimini ni tamu tupu. Kukuta nyuki na sisimizi wamefia ndani ni jambo la kawaida, hao wanachujwa. Likiwa linavuma mapovu na linachoma ulimi, hilo si la alfajiri.

7. Nitajuaje kama limetiwa maji?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali haikutoka hewani. Ulimi uliozoea unatosha, lakini kama unanunua mara kwa mara, haidromita ni kifaa rahisi cha kioo kinachoelea na kusoma uzito wa maji. Tembo tamu lenye sukari ya asilimia 15 husoma karibu 1.060. Likisoma chini ya 1.045, na bado ni tamu halijaanza kuchacha, una haki ya kuuliza. Pima mara tu linapofika, kwa sababu tembo linalochacha hushuka kipimo lenyewe bila ya kosa la mtu. Masika nayo mvua huingia chomboni juu ya mti, kwa hiyo hata mgema mwaminifu anaweza kuleta jepesi.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Hesabu ya siki ni hii: sukari ya asilimia 15 hutoa kileo cha karibu asilimia 7.5, na kileo hicho, baada ya upotevu wa njiani, hutoa asidi ya karibu asilimia 6. Tembo lililozimuliwa nusu kwa nusu litakupa asilimia 3. Hiyo haifiki kuwa siki ya kuhifadhia chakula, na hakuna ujanja wa baadaye utakaoirekebisha.

8. Likifika limeshaanza kuchacha, nilirudishe?

Kwa upande wa kazi, hapana. Litakuwa siki tu, pengine mapema kidogo. Kwa upande wa dini, ni bora ulipokee likiwa tamu. Tazama swali la 15.

9. Nimesikia kuna wanaotia chokaa kwenye chombo. Ni vibaya?

India na Sri Lanka hupaka chokaa ndani ya chungu ili maji yabaki matamu, yapate kupikwa sukari au asali ya mnazi. Kwa kazi hiyo ni jambo zuri. Kwa siki ni kikwazo, maana chokaa hupingana na uchachu. Ukijua tembo lina chokaa, lipike asali, usilihangaishe kwa siki.

## Vyombo na kazi yenyewe

10. Nitumie chombo gani?

Kioo, udongo uliochomwa vizuri, au ndoo ya plastiki ya chakula yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake. Usitumie sufuria ya alumini, shaba, wala bati: asidi hula chuma na ladha yake huingia ndani, na si ladha tu inayoingia. Chungu chenye rangi ya kung'aa usichojua ilikotoka nacho kiache, kwani baadhi ya rangi hizo zina risasi.

Umbo ni muhimu kuliko ukubwa. Bakteria wa siki huishi juu, maji yanapokutana na hewa. Ndoo yenye mdomo mpana, isiyojazwa zaidi ya theluthi mbili, na kina chake kisizidi shibiri mbili, itafanya kwa wiki kazi ambayo dumu la mdomo mwembamba litaifanya kwa miezi. Watu wengi wanaolalamika kwamba siki yao haikali, dumu ndilo tatizo lao.

11. Nianzeje, hatua kwa hatua?

Osha ndoo kwa sabuni, suuza sana, kisha mwagia maji yaliyochemka. Kama umetumia dawa ya klorini, suuza mpaka harufu iishe kabisa, la sivyo utawaua wale unaowategemea.

Chuja tembo kwa shashi mara mbili ili kuondoa wadudu na takataka. Lisichemshwe. Wapo wanaolichemsha kwa kutaka usafi, halafu wanashangaa limekaa siku tano bila ya kufanya kitu: hamira na bakteria waliokuja nalo kutoka mtini wamekufa, na hao ndio wafanyakazi wako.

Mimina kwenye ndoo hadi theluthi mbili. Funika kwa kitambaa chepesi kilichokunjwa mara mbili, shashi au kipande cha kanga kuukuu, ukifunge kwa mpira au uzi kuzunguka mdomo. Usifunike kwa kifuniko. Kitambaa kinapitisha hewa na kinazuia wale nzi wadogo wa matunda, ambao watafika ndani ya saa moja ukiwaachia nafasi.

Weka ndoo mahali penye kivuli na hewa, pasipopigwa na jua: stoo, chini ya ngazi, pembeni mwa jiko la uani. Siku tatu za mwanzo litavuma na kutoa povu. Weka sinia chini yake. Povu likitulia, mashapo meupe yatazama na maji ya juu yataanza kutakata.

Kuanzia hapo usiliguse. Usikoroge, usihamishe, usichungulie kila asubuhi. Wiki ya pili au ya tatu utaona utando mwembamba umetanda juu, na harufu ya kileo inaanza kumezwa na harufu kali inayopanda puani. Utando ule ukiuvunja unazama, na kazi inarudi nyuma siku kadhaa mpaka mwingine ujengeke. Onja mara moja kwa wiki, kwa mrija ulioingizwa ukingoni taratibu.

12. Itachukua muda gani?

Kaskazi, joto linapokuwa juu ya nyuzi 30, hesabu wiki 5 hadi 8. Kipupwe inaweza kufika miezi mitatu. Chombo chembamba, ongeza.

13. Nitajuaje kama imekwiva?

Dalili ya kwanza ni pua: harufu ya kileo iwe imekwisha. Ya pili ni ulimi: ukali ulio safi, bila ya ule uchungu mwepesi wa tembo. Lakini kama utatengenezea achari ya kukaa kabatini, usiamini pua na ulimi peke yao. Pima kwa soda ya kuokea, ile ya unga mweupe isiyo na kitu kingine.

Pima siki mililita 100 kwa kikombe cha dawa, uitie kwenye bakuli kubwa, kwa sababu itafura. Pima soda gramu 7 kwa mizani ya jikoni. Tia soda kidogo kidogo, koroga, subiri povu litulie, tia tena. Ukiona povu linatoka mpaka chembe ya mwisho ya zile gramu 7, siki yako imefika asilimia 5. Likikoma karibu na gramu 5 na nusu, uko kwenye asilimia 4: inafaa kwa kachumbari na kupikia, lakini kwa achari ya kuhifadhi iache iendelee. Likikoma kwenye gramu 3 au 4, bado safari ipo. Kama huna mizani, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba karibu gramu 5, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu ndiyo shabaha yako. Hiyo uliyopimia imwage.

Karatasi za kupimia pH hazitoshi hapa. Zitakuambia ni chachu, hazitakuambia ina asidi kiasi gani.

14. Nikishapata, niihifadhije?

Ivute kwa mrija kutoka juu, uache mashapo chini. Chuja. Ukitaka ikae mwaka bila ya kubadilika, ipashe moto kwenye sufuria ya stenlesi hadi nyuzi 65 hivi, viputo vidogo vinapoonekana kandokando lakini haijachemka, uishikilie hapo dakika 10. Ijaze ingali ya moto kwenye chupa za kioo zilizopashwa moto, hadi shingoni, na ufunge. Ukiijaza nusu chupa ukaiacha na hewa, utakutana na swali la 22.

Isiyopashwa moto ni hai na inazidi kukomaa. Wengine wanaipenda hivyo, nami ni mmoja wao. Ijaze pomoni tu.

## Dini, sheria na majirani

15. Je, ni halali, ikiwa imepitia kileo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu kamili.

Siki yenyewe haina ubishi: hadithi iliyopokewa na Muslim inaitaja kuwa kitoweo kizuri. Suala ni njia iliyopitia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja na Pemba, kauli inayotegemewa ni kwamba kileo kikigeuka siki chenyewe, bila ya kutiwa kitu, kinatoharika na siki ni halali. Kikigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, hakitohariki. Kukihamisha kutoka juani kwenda kivulini, au kinyume chake, hakuharibu kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Madhehebu ya Hanafi yanaruhusu hata kukigeuza kwa makusudi.

Njia iliyoelezwa katika swali la 11 imefuata hilo: unanunua tembo likiwa tamu kwa nia ya siki, huliongezi kitu, na unaliacha ligeuke lenyewe. Ndiyo sababu pia ya kusisitiza kwamba kazi iishe kwelikweli kabla ya kuitumia. Siki ya wiki mbili bado ni mchanganyiko. Mwenye shaka, au mwenye hali yake ya pekee, amuulize sheikh wake au Ofisi ya Mufti.

16. Nitie hamira ya dukani au siki ya zamani ili iende haraka?

Hamira haina haja, tembo linakuja nayo. Siki ya zamani isiyopashwa moto huharakisha kweli, na vitabu vingi vya ufundi hushauri kutia sehemu moja kwa tano. Kwa anayefuata kauli ya Shafi hapo juu, kutia kitu baada ya kileo kujitokeza ndilo tatizo lenyewe. Kwa joto la visiwa hivi siki hugeuka bila ya msaada, kwa hiyo naona ni bora kusubiri wiki mbili zaidi kuliko kukaa na wasiwasi.

17. Majirani watasema napika pombe. Nifanyeje?

Watasema, kwa sababu siku za mwanzo harufu ni ya tembo. Waeleze kabla hawajauliza. Mwambie na sheha wako, umwoneshe ndoo na unachokusudia. Kilichofichwa ndicho kinachozua maneno. Na ukimaliza, chupa moja kwa jirani wa kushoto na moja kwa wa kulia.

18. Naweza kuiuza?

Siki ya nyumbani kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, bidhaa ya sokoni ni jingine. Ukitaka kuiweka Darajani au kwenye duka la Chake Chake ikiwa na lebo, nenda kwanza kwa Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), uwaulize masharti ya usajili, kipimo cha asidi na lebo. Tembo lenyewe, lililo katikati ya njia, usiliuze wala usimgawie mtu. Vileo Zanzibar vina sheria na leseni zake, na hiyo si kazi uliyoianza.

## Mambo yakienda kombo

19. Kuna kitu kama ngozi kinaelea juu. Kimeoza?

Hapana, huyo ndiye mama wa siki. Ni utando wa nyuzi unaotengenezwa na bakteria wenyewe, mwanzo mwembamba, baadaye mnene na wenye kuteleza. Ufilipino hukuza utando wa jamii hiyohiyo kwenye maji ya nazi, wakaukata vipande na kuula kama kitu kitamu. Akizama, mwache, mwingine atatanda juu.

Tofautisha na vitu viwili. Unga mweupe uliokunjamana, mkavu kwa juu, ni hamira za hewani: hazidhuru ila zinachafua ladha, zienguliwe taratibu. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu. Ukungu haukwanguliwi. Mwaga yote, chemsha maji, osha ndoo, anza upya.

20. Inanuka rangi ya kucha.

Ni dalili kwamba kileo na asidi vimekutana na hewa ikawa haitoshi. Mara nyingi hupotea yenyewe kazi ikiendelea. Hakikisha kitambaa hakijalowa na kuziba, na chombo hakijajaa mno. Harufu ya yai bovu siku za mwanzo nayo hupita.

21. Naona vinyoosho vidogo vinacheza ukiinua chupa kwenye mwanga.

Ni minyoo ya siki. Ni wadogo sana, wanaishi kwa kula bakteria, na hawamdhuru binadamu, lakini hakuna anayetaka kuwaona kwenye kachumbari. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha pasha moto kama ilivyo katika swali la 14. Ndoo ioshwe kwa maji yanayochemka kabla ya duru nyingine, maana wanahama na chombo.

22. Ilikuwa kali sana, sasa imepoa. Imekuwaje?

Kileo kikiisha na hewa ikabaki, bakteria walewale huanza kuila asidi yenyewe na kuigeuza maji na gesi. Siki iliyosahauliwa ndooni miezi mingi hurudi kuwa maji yenye uchachu mdogo. Haina tiba. Ndiyo maana upimaji wa swali la 13 ufanywe kwa wakati, na siki iliyokwiva itiwe chupani ikiwa imejaa.

23. Miezi mitatu, bado ni tembo. Kosa liko wapi?

Anza na kifuniko: kama umefunga kwa kitu kisichopitisha hewa, huna siki, una pipa la tembo. Kisha angalia umbo la chombo (swali la 10), klorini iliyobaki, jua linalopiga ndoo moja kwa moja, na chokaa (swali la 9). Kama tembo lilizimuliwa, litachacha lakini halitakuwa na nguvu.

24. Chupa imepasuka.

Ulifunga tembo ambalo bado lina sukari. Gesi haikupata njia. Usifunge kwa nguvu chochote ambacho hakijakwiva, na usikiweke kwenye chupa ya kioo ndani ya chumba wanacholala watoto.

## Maswali ya pembeni

25. Simpati mgema. Maji ya miwa yatafaa?

Yatafaa vizuri, yana sukari inayolingana na ya tembo. Mwambie muuzaji akukamulie matupu: ile ya Forodhani hukamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, ni tamu kunywa lakini si ya kazi hii. Njia ni ya swali la 11, na hukumu ni ya swali la 15. Siki yake ni nzito na ya rangi ya kahawia.

26. Na maji ya nazi yanayomwagwa tunapokuna?

Yana sukari kidogo, asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo peke yake hutoa siki dhaifu. Ongeza sukari yangali mabichi: kwa lita 10, gramu 800 hivi. Yaache wazi kwa kitambaa kama tembo. Huchelewa kuanza, kwa kuwa yametoka ndani ya nazi yakiwa masafi na hamira lazima zitoke hewani.

27. Ndugu yangu yuko Uingereza, anachukua maji ya kimea kwenye kiwanda cha bia na kuchachusha nyumbani. Si jambo lilelile?

Wazo linafanana: mwenye mitambo anatengeneza maji matamu, mtu wa nyumbani anayamalizia kwa mkono wake, na watu kumi wakichukua kutoka pipa moja wanapata vitu kumi tofauti. Tofauti ni kwamba yale ya kiwandani yamechemshwa, hayana uhai, na lazima atie hamira. Na yeye anakusudia bia, akifungia hewa nje. Tembo linakuja na uhai wake, nawe unakusudia siki, unaikaribisha hewa.

Waingereza wanayo siki yao ya kimea, ile wanayonyunyizia chipsi. Ila hutengenezwa kwa maji ya kimea yasiyotiwa hopsi, yale maua machungu ya bia.

28. Inatibu kisukari na presha?

Usiache dawa zako kwa ajili ya siki. Ni kitoweo. Ukiipenda kwenye maji, tia kijiko kwenye glasi nzima na usuuze kinywa baadaye, kwa sababu asidi hula meno. Mwenye vidonda vya tumbo akae mbali nayo.

29. Naweza kuchanganya siki za duru mbili?

Ndiyo, zikiwa zote zimekwiva na umezipima. Iliyotoka na asilimia 6 ukiichanganya sawa kwa sawa na ya asilimia 4, utapata ya asilimia 5 inayofaa achari.